Njia za miguu na baiskeli Kwale: pepo, mvua na maji ya bahari

Anayetaka kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katika Kaunti ya Kwale huulizwa na wenyeji swali moja kabla ya mengine yote: unakuja lini? Jibu lake ndilo huamua kama atapanda milima ya Shimba au atashuka ufuoni, kama atatoka alfajiri au alasiri, na kama baiskeli atairudisha nyumbani akiwa ameipanda au ameibeba begani.

Nchi za baridi huigawa michezo ya nje kwa majira manne, na majira ya theluji yana mchezo wake wa kuteleza kwa mbao ndefu miguuni. Pwani ya kusini ina pepo mbili, mvua mbili na bahari inayojaa na kupwa mara mbili kila siku. Kaskazi huvuma tangu mwisho wa Novemba au Desemba hadi Machi. Kusi hushika hatamu kuanzia Aprili na hudumu hadi Oktoba, na katikati ya pepo hizo mbili kuna maleleji, siku za upepo usiojua uendako. Mvua kubwa ni masika, ambayo wazee wengi wa Pwani bado huiita mvua ya mwaka; huanza mwishoni mwa Machi au Aprili na kilele chake ni Mei. Mvua ndogo ni vuli, ya Oktoba hadi mapema Desemba. Januari, Februari na nusu ya kwanza ya Machi ni kiangazi, nao Juni hadi Agosti ni kipupwe, msimu wa ubaridi wa kadiri ambao mgeni kutoka bara hucheka akisikia ukiitwa baridi.

Kwa mwendo wa miguu, miezi bora ni hiyo ya kipupwe pamoja na Septemba. Jua si kali, vumbi limetulizwa na masika, na mito ya Shimba bado ina maji. Kiangazi nacho kina wapenzi wake kwa sababu barabara za udongo zimekauka na bahari ni shwari, ila joto la Februari hukaribia au hupita nyuzi 32 na unyevu hewani humfanya mtembezi aloe jasho kabla ya saa tatu asubuhi. Anayechagua miezi hiyo hana budi kuanza safari saa kumi na mbili na kuwa kivulini kabla ya saa nne na nusu.

Mei ni mwezi wa kukaa nyumbani, au wa kutembea kwenye lami tu. Udongo mwekundu wa Kwale ukilowa hunata katika magurudumu ya baiskeli hadi yasizunguke, na mabonde yanayoonekana makavu mwezi wa Februari hugeuka mito. Vuli mara nyingi huwa mpole, lakini mwaka wa El Niño humpotosha anayeitegemea kalenda. Mvua za mwisho wa 1997 na zile za Novemba 2023 zilikata barabara na kuacha vijiji vya kaunti hii vikiwa visiwa.

Safari inayostahili kuwekwa mbele ya nyingine zote ni ya Shimba Hills. Hifadhi hiyo ya kitaifa ilitangazwa mwaka 1968 na iko kiasi cha kilomita 35 kusini-magharibi mwa Mombasa, juu ya uwanda ambao mji wa Kwale umejengwa ukingoni mwake, takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari. Ukungu wa asubuhi huutanda msitu hata wakati wa kiangazi, na chemchemi za Marere zilizomo humo zimekuwa zikiinywesha Mombasa kwa vizazi kadhaa. Aliyesimama kwenye nyanda za nyasi karibu na Giriama Point siku isiyo na mawingu huiona Bahari Hindi chini yake kama mkeka wa buluu. Katika nyanda hizohizo huchunga palahala, yule paa mkubwa mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma kama upanga. Kenya nzima haina palahala wa porini kwingineko.

Kutembea ovyo ndani ya hifadhi hakuruhusiwi. Njia ya miguu inayojulikana zaidi huanzia Elephant Hill na kuteremka kiasi cha kilomita mbili hadi maporomoko ya Sheldrick, yaliyopewa jina la David Sheldrick, mhifadhi wa kwanza wa mbuga ya Tsavo Mashariki. Wageni huongozwa na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) mwenye bunduki. Maji huanguka zaidi ya mita 20 ndani ya bwawa ambalo watu huoga. Kwenda ni kuteremka na kurudi ni kupanda, jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa tayari wamo bwawani. Kwa hiyo maji ya kunywa yasimalizwe wakati wa kwenda, na viatu viwe na nyayo zenye meno, maana njia huteleza hata wiki kadhaa baada ya mvua. Ada za kuingia hulipwa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, basi ni vyema kulipa mapema kabla ya kufika mahali ambapo simu hupoteza mawasiliano.

Msitu huo una mbung'o. Wadudu hao huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo sababu mitego ya kuwanasa hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mtembezi avae nguo za rangi ya mchanga au majani makavu, mikono mirefu na suruali. Aangalie pia upupu kandokando ya njia maganda yake yanapokauka. Upepo mdogo tu watosha kuupeperusha unyoya wake hadi shingoni.

Na kuna ndovu. Habari zao haziwezi kutengwa na habari za njia, kwa sababu njia nyingi za kale za milima hii ni za ndovu na binadamu amezifuata baadaye. Kwa miaka mingi wanyama hao wamekuwa wakitoka hifadhini usiku kula mahindi, migomba na minazi ya wakulima, na watu wameuawa. Uzio wa umeme ulijengwa, na mwaka 2005 KWS iliwahamisha zaidi ya ndovu mia moja hadi Tsavo Mashariki, lakini uhasama haukuisha. Upande wa kaskazini, katikati ya miaka ya 1990, wakulima wa Kiduruma na Kidigo walichukua hatua isiyo ya kawaida: waliyatoa mashamba yao yawe Hifadhi ya Ndovu ya Mwaluganje, mapito kati ya Shimba na msitu wa Mwaluganje, kwa makubaliano ya kulipwa kutokana na ada za wageni. Mgeni anayelipa ada pale hununua pia uvumilivu wa mkulima aliyeacha kulima. Wageni wakipungua, kama walivyopungua baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na wakati wa korona mwaka 2020, hesabu ya mkulima huyo hubadilika.

Kanuni kwa mwendesha baiskeli katika vijiji vinavyopakana na hifadhi ni fupi. Asiwe njiani kabla ya jua kuchomoza wala baada ya kuzama. Akikuta kinyesi cha ndovu chenye mvuke, ageuke. Akiambiwa na mama anayetoka kisimani kwamba wanyama wamelala upande fulani, asibishane naye kwa sababu ramani ya simu inaonyesha njia ya mkato.

Kupanda kutoka Kombani hadi mjini Kwale kwa baiskeli ndicho kipimo cha miguu katika kaunti hii. Lami ni nzuri, kona ni nyingi, na barabara hupanda mfululizo katikati ya minazi, mikorosho na mimea ya bixa yenye vikonyo vyekundu. Wakati wa kipupwe upepo wa kusi husaidia kupoza mwili. Kuteremka kunahitaji breki zilizokaguliwa, kwani matatu za njia hiyo hazina subira na mchezo huu.

Kuhusu kuteleza kwenye theluji, Mkenya aliye Pwani huenda akadhani hilo halimhusu. Philip Boit alishiriki mbio za masafa katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamngoja kwenye mstari ili ampe mkono. Miaka 20 baadaye, mjini Pyeongchang, Kenya iliwakilishwa na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria. Hiyo ndiyo theluji ya Pwani, na haijapata kuwa zaidi ya hapo. Kinachokaribiana nayo Diani na Galu ni mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa ubao unaovutwa na tiara kubwa, nao hufuata pepo kama jahazi: Desemba hadi Machi kwa kaskazi, Juni hadi Septemba kwa kusi. Katika maleleji wachezaji hukaa chini ya miti wakitazama bendera isiyopepea.

Ufuo wenyewe ndio njia ndefu kuliko zote, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi na wageni. Kutoka mlango wa mto Mwachema, unaotenganisha Diani na Tiwi, hadi Galu ni takriban kilomita 17 za mchanga mweupe. Mwanzoni mwake, chini ya mibuyu, upo Msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe karne nyingi kabla ya Wareno kusahauliwa Pwani, na ambao bado unasaliwa. Anayetaka kuutazama avae nguo za heshima na aombe ruhusa kwa waliopo.

Ufuo huo huonekana na kupotea kwa amri ya mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita nne. Neema kwa mtembezi wa pwani hii ni kwamba katika siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, hivyo ana mchanga mpana na mgumu kuanzia saa mbili hadi adhuhuri. Kila siku inayofuata, saa ya kupwa husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Baada ya wiki moja ni maji mafu: bahari haijai sana wala haipwi sana, na ufuo hubaki mwembamba mchana kutwa. Aliye na kalenda ya Kiislamu ukutani hahitaji jedwali la mamlaka ya bandari ili kupanga matembezi. Tarehe 1 na 15 zinamtosha.

Kanuni ya salama ni kuanza saa mbili kabla ya maji kupwa na kuwa umeondoka si zaidi ya saa mbili baadaye. Sehemu zenye kuta za hoteli au majabali, maji yakijaa, hakuna pa kupita. Bahari hupiga ukuta na aliyekawia hujikuta kati ya viwili. Vivyo hivyo kwa kuvuka mlango wa Mwachema: maji ya kifundo cha mguu asubuhi yanaweza kuwa ya kifua saa za mchana. Anayetembea juu ya miamba avae viatu, maana matumbawe hukata na wale wadudu wa baharini wenye miiba mieusi hawaonekani hadi waguswe.

Baiskeli hupita vyema kwenye mchanga uliolowa. Mwenye akili huutumia upepo: wakati wa kusi huanzia kusini akielekea kaskazini, na wakati wa kaskazi hugeuza safari, kisha hurudi kwa matatu, baiskeli ikiwa juu ya paa. Jioni hiyohiyo aioshe kwa maji matamu na kupaka mnyororo mafuta. Chumvi haingoji kesho. Wakati wa kusi ajue pia kwamba mawimbi huleta mwani mwingi ufuoni, na gurudumu likizama humo ni kushuka na kusukuma.

Hapa pana jambo ambalo wenyeji hulizungumza kwa uchungu. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaitaja ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa mali ya umma. Hakuna hoteli wala jumba lenye haki ya kumfukuza mtu anayetembea juu ya mchanga huo. Lakini ili kuufikia mchanga, lazima mtu apite mahali, na vichochoro vya umma kati ya viwanja vya Diani na Tiwi vimekuwa vikipungua kwa miaka mingi: vingine vimezibwa kwa ukuta, vingine vimewekwa lango na mlinzi. Mvuvi ambaye babu yake alishuka na mtumbwi wake mbele ya nyumba yake leo huzunguka mbali. Mtembezi anayetumia kichochoro cha umma, akakisalimu na kukipita bila kuacha taka, hukiweka hai. Kisichopitwa huota nyasi, kisha huota ukuta.

Barabara ya Diani inayofuatana na ufuo ni tambarare na yafaa kwa wanaoanza baiskeli, hasa Jumapili asubuhi. Juu yake zimetundikwa ngazi za kamba ambazo mbega hupitia kutoka mti hadi mti bila kugongwa na magari, kazi ya shirika la Colobus Conservation lililoanzishwa mwaka 1997. Barabara hiyo ikiishia, njia ya udongo huendelea hadi Kinondo.

Kaya Kinondo ni msitu wa hekta 30 tu, na mzunguko wake hautimizi saa mbili, lakini haufanani na matembezi mengine. Ni patakatifu pa Wadigo, na wazee waliufungua kwa wageni mwaka 2001 kwa masharti yao wenyewe. Mwaka 2008 UNESCO iliuingiza, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, hufuata mwongozaji, hatoki na jani wala jiwe, na wapendanao huahirisha mabusu yao hadi watakapotoka. Rangi ile nyeusi niliyoikataza Shimba, hapa haikataliki. Ada husaidia kijiji, na kaya kadhaa zisizo na mpango wa namna hii zimemegwa na wakata miti na wanunuzi wa ardhi. Kaya isiyofunguliwa kwa wageni haifai kuingiwa hata kama uchochoro unaonekana wazi.

Kutoka Kinondo, mwendesha baiskeli hutoka Mwabungo kwenye barabara kuu ya Likoni-Lunga Lunga. Barabara hiyo hubeba malori ya kwenda na kutoka Tanzania na haifai kufurahiwa. Ivumiliwe asubuhi mapema, kwa fulana ya rangi inayong'aa, na iachwe penye njia ya vijijini. Tangu barabara ya Dongo Kundu ilipokamilika, magari ya kutoka bara yanafika Kwale bila kivuko cha Likoni, na msongamano wa wikendi umeongezeka.

Gazi iko upande wa bahari. Hapo ndipo Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui alipokuwa na makao yake kabla ya kupigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, kisha akakimbilia upande wa Wajerumani. Siku hizi wageni huja kwa ajili ya daraja la mbao la kikundi cha akina mama, lililojengwa ndani ya msitu wa mikoko. Aina zote tisa za mikoko ya Kenya zapatikana katika ghuba hiyo, na mwongozaji mzuri atakuonyesha mkoko, mchu, mkandaa, muia na mkomafi bila kushika kitabu. Msitu huohuo una mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya kaboni katika soko la kimataifa mwaka 2013. Hekta 117 zinalindwa na fedha zimeingia katika maji na shule za kijiji. Daraja lina ladha mbili: maji yakijaa utaona samaki wadogo kati ya mizizi, yakipwa utaona kaa. Dawa ya mbu ni ya lazima katika hali zote mbili.

Msambweni ina majabali ya matumbawe juu ya ufuo usio na watu wengi, na hospitali ya rufaa ya kaunti, jambo la kukumbukwa na aliyeanguka baiskeli. Kusini yake barabara hupita Ramisi, ambako kiwanda cha zamani cha sukari kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambako miwa ilirejeshwa baadaye. Penye mashamba hayo trekta na matrela hutawanya mabua barabarani.

Katika makutano ya Kanana njia hukata kushoto kuelekea Shimoni. Mwendo ni wa polepole na bahari huanza kunukia kabla haijaonekana. Mapango ya Shimoni, ambayo mapokeo husema watumwa walifungiwa humo wakingoja vyombo, yanasimamiwa na wanakijiji, tochi ichukuliwe. Ng'ambo kuna kisiwa cha Wasini, kisicho na magari. Kikundi cha akina mama huko nacho kina daraja la mbao linalopita juu ya bustani ya matumbawe yaliyoachwa na bahari, na kuna njia ya miguu hadi kijiji cha Mkwiro. Kisiwa hakina mto. Maji ya kunywa yabebwe kutoka Shimoni, na mashua ya kurudi ipatanwe kabla ya kushuka, bei na saa. Wakati wa kusi mkali, hasa Juni na Julai, manahodha huondoka asubuhi na hupenda kurudi kabla ya alasiri bahari haijachafuka.

Mfuko wa safari usiwe mzito: maji lita mbili kwa kila mtu, kofia, dawa ya mbu, kitambaa cha kujistiri, chumvi ya kuongeza maji mwilini, pampu na vipande vya kuzibia tyubu. Mafundi wa baiskeli wako karibu kila kituo chenye duka, Ukunda, Kombani, Msambweni na vijiji vya kati, na wengi wao huziba tundu kwa haraka kuliko mwenye baiskeli. Vipuri vya baiskeli za gia, hata hivyo, ni nadra kusini mwa Ukunda. Anayezitumia avichukue Mombasa.